Siku Nilipoulizwa Kichwa Kinaumaje

Picha ya kichwa changu ilitoka safi. Mama alimshukuru Mungu palepale kwenye benchi la hospitali, nami nikafurahi kwa kuwa yeye amefurahi. Hatukujua kwamba karatasi ile ya majibu ingekuja kutumika dhidi yangu. Tangu siku hiyo, kila nilipolala kwa kuumwa kichwa, bwenini au nyumbani, hakukosekana mtu wa kukumbusha kwamba vipimo vyote vilishafanyika na hakuna kilichoonekana. Kwa hesabu za watu yalibaki mawili: ama nina jini, ama natega masomo.

Nilikuwa kidato cha pili, na kichwa kilikuwa kimeniandama tangu shule ya msingi. Leo mimi ni mwalimu, na kipandauso bado ninacho. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya mzazi mwenye mtoto wa namna yangu, aliyezunguka zahanati na maduka ya dawa mpaka akachoka, na ambaye pengine ameanza naye kujiuliza kama mtoto anasema kweli. Anasema kweli. Kipandauso cha watoto kipo, kinatambulika, na maneno ya mtoto mwenyewe ndiyo yanayokitambulisha kuliko mashine yoyote.

Nimekulia Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Kabla ya kichwa lilitangulia tumbo. Nikiwa wa chekechea nilikuwa nashikwa na maumivu kitovuni, napauka, nakataa chakula, natapika, nalala. Jioni naamka nacheza na wenzangu. Nyumbani ilijulikana kuwa ni minyoo. Nikamezeshwa dawa za minyoo, nikanyweshwa mwarobaini, na tumbo likaendelea kuja na kuondoka kadiri lilivyotaka. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba kwa watoto wengine kipandauso huanzia tumboni: maumivu yanakuja ghafla, yanakaa saa kadhaa, yanaisha kabisa, na kati ya shambulio na shambulio mtoto ni mzima. Wengi wa watoto hao wakikua tumbo hutulia, kichwa kikaanza. Wapo pia wanaotapika mfululizo kwa vipindi, na wadogo zaidi wanaoshikwa na kizunguzungu cha ghafla wakang'ang'ania ukuta, kisha baada ya muda mfupi wanarudi kwenye michezo yao.

Kichwa changu kilianza nikiwa darasa la nne. Kiliuma kwenye paji la uso na kwenye panja zote mbili, kikipiga kwa kufuata mapigo ya moyo. Nikipanda ngazi kinazidi. Mwanga wa mlangoni ulinichoma, sauti ya jirani akitwanga ilinitoa machozi, na harufu ya mafuta ya taa peke yake ilitosha kunitapisha. Nikipata chumba chenye giza nikalala saa mbili tatu, nilikuwa naamka mzima. Uzima huo wa haraka ndio ulioniponza. Mtoto aliyekuwa analia saa sita mchana na saa kumi anaruka kamba, nani atamwamini?

Kwetu kichwa cha mtoto kikiuma wazo la kwanza ni malaria. Simlaumu mtu kwa hilo, maana bonde lile limezika watoto kwa malaria. Nilipoanza kuumwa ilikuwa kawaida mtoto kupewa dawa bila kupimwa. Ni mwaka 2010 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria, awe mtoto au mtu mzima, apimwe kwanza. Mimi nilikwishakunywa dawa ya mseto mara zisizo na idadi. Na hapa pana jambo ambalo ningependa kila mzazi alitafakari: dawa ile ilionekana kunifaa. Nilimeza mchana, kesho yake nikawa mzima. Shambulio la kipandauso huisha lenyewe, kwa hiyo lolote utakalompa mtoto siku hiyo litajipatia sifa ya kumponya. Ndivyo malaria ilivyoendelea kuaminiwa nyumbani kwetu, ingawa mara nyingi sikuwa hata na homa.

Vipimo vya haraka vya malaria vilipofika na vikawa vinasema hakuna, jina likabadilika likawa taifodi. Kipimo kilichotumika hutafuta askari wa mwili waliojitokeza kupambana na vijidudu vya ugonjwa huo, na askari hao wanaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya mtu kupona, au wakajitokeza kwa sababu ya ugonjwa mwingine kabisa. Katika sehemu yenye taifodi nyingi, kukuta alama mbili tatu kwenye karatasi hakumaanishi kwamba ndiyo inayomuumiza mtoto kichwa. Nikanywa antibaotiki. Kisha nikapewa miwani, kwa kuwa nilikuwa nafinya macho darasani. Kisha nikaambiwa ni sainasi, kwa kuwa kichwa kikipamba moto pua ilitoa maji na macho yakalowa. Nikasomewa, nikanywa kombe. Dua sikuikataa na wala siikatai leo, ilimpa mama nguvu ya kuendelea kunihangaikia. Lakini mjomba aliposema mbele za watu kwamba nina jini, wasichana wa mtaani waliacha kulala kwetu, na hilo liliniumiza kwa namna ambayo hakuna kidonge kingeweza kuifikia.

Kidato cha kwanza nilikwenda shule ya bweni. Mwaka uleule nikavunja ungo, na kichwa kikaongeza kasi. Kabla ya balehe kipandauso hakiwabagui wavulana na wasichana. Baada ya balehe wasichana hupita mbele, na ukubwani wanawake wenye ugonjwa huu ni karibu mara tatu ya wanaume, kwa sababu homoni ya kike inapopanda na kushuka huutikisa ubongo ambao tayari ni mwepesi kutikisika. Juu ya hilo yalikuja maisha ya bweni: kengele saa kumi alfajiri, usafi na masomo ya asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni, kusimama mstarini juani, uji saa nne. Sasa natazama nyuma na kuona kwamba ratiba ile ilikuwa inaniandalia kichwa kila wiki.

Hapo ndipo nilipoanza kuona vitu. Nikiwa nasoma ubaoni, sehemu ya maandishi ilikuwa inafutika, na pembeni yake inatokea mistari inayometameta, yenye kona kona za meno ya msumeno, ikitanuka polepole. Baada ya nusu saa hivi inatoweka, kisha kichwa kinafuata. Sikumwambia mtu. Msichana ambaye tayari anasemwa kuwa ana jini hawezi kusimama darasani akasema anaona mwanga unaotembea. Nilinyamaza, na kwa kunyamaza huko daktari yeyote ambaye angenipokea wakati ule angekosa dalili iliyo wazi kuliko zote.

Metroni alikuwa mtu mwema na alikuwa na vidonge. Nilimeza vya kutuliza maumivu karibu kila siku, vingine kabla hata kichwa hakijaanza, kwa hofu ya kukosa kipindi. Mwalimu mmoja wa zamu alinitoa kitandani kwa bakora. Muhula ule nilishuka darasani, na mama akachukua mkopo kwenye kikoba ili nipigwe siti skani. Majibu yake nimekwisha kuyasimulia.

Mama mdogo anayeishi Moshi ndiye aliyesema nipelekwe kwa daktari mmoja wa watoto huko. Mama alikwenda na bahasha yenye picha, karatasi za maabara, na miwani yangu. Daktari alizipokea zote, akaziweka pembeni bila kuzifungua. Alimwambia mama, "Mama, hizi nitazisoma. Kwanza naomba binti anisimulie mwenyewe." Kisha akanisogezea karatasi tupu na penseli. "Nichoree kichwa chako kinavyouma."

Hakuna aliyewahi kuniomba hivyo. Nilichora msichana amelala, ndoo kando ya kitanda, pazia limefungwa, nyundo mbili moja kila upande wa kichwa, jua lililokatwa kwa msalaba. Nilipoona anatazama kwa utulivu na hacheki, nikaongeza ile mistari ya ubaoni. Akaiwekea kidole. "Hii nini?" Ndipo nilipomwambia mtu kwa mara ya kwanza.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba hakuwa ananichangamsha tu. Mwaka 2002 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti uliohusu watoto 226 waliofika kliniki kwa maumivu ya kichwa. Kila mtoto alichora kwanza, na wataalamu wakaziamua picha zile bila kujua mtoto ameambiwa ana ugonjwa gani. Walipozilinganisha na uamuzi wa kitabibu, katika kila picha 100 walizosema ni za kipandauso, 87 zilikuwa za kipandauso kweli. Mtoto asiyejua neno la kueleza mapigo ya maumivu anajua kuchora nyundo. Mtoto ambaye hawezi kusema mwanga unamsumbua atachora pazia.

Maswali yalifuata, na hakuna hata moja lililonitilia jibu mdomoni. Kikianza huwa unafanya nini? Unataka kuwa wapi? Ukiambiwa ukakimbie wakati huo, itakuwaje? Ukiamka unajisikiaje? Alikuwa anatafuta yale yanayotajwa kwenye mwongozo wa kimataifa wa kuainisha maumivu ya kichwa, na alitueleza kwa lugha tuliyoielewa. Yawe yametokea mashambulio yasiyopungua 5. Kwa mtu mzima shambulio lisilotibiwa hudumu saa 4 hadi 72, lakini kwa mtoto huhesabiwa hata likiwa la saa 2, na kama amelala nalo akaamka halipo, muda wa usingizi nao unahesabiwa. Kisha yapatikane angalau mawili kati ya haya manne: kuuma upande mmoja, kupiga kwa mapigo, kuwa makali ya wastani au kuzidi, na kuongezeka mtu akitembea au kupanda ngazi. Tena iwepo kichefuchefu au kutapika, ama kukerwa na mwanga pamoja na kelele. Kwa mtoto mdogo haya ya mwisho hayahitaji maneno, yanasomeka kwa anavyojificha chini ya shuka. Akasisitiza kwamba watoto wengi huumwa pande zote mbili za mbele, na kwamba anayesubiri kichwa cha upande mmoja, jinsi kinavyowapata watu wazima, atawapita watoto wengi bila kuwaona.

Akamgeukia mama. Kwenu nani anaumwa kichwa? Mama akajibu hakuna. Daktari hakuridhika. "Mama yako mzazi, hakuwa na siku za kufunga kichwa?" Mama akanyamaza kidogo. Bibi yangu wa Lushoto alikuwa na siku zake za kujifunga leso kwa nguvu kichwani na kujifungia chumbani, na sisi wajukuu tulikatazwa kupita karibu na dirisha. Hakuna aliyewahi kuuita ugonjwa. Ilikuwa ni tabia ya bibi tu. Mama mwenyewe alikuwa na kichwa cha kila mwezi ambacho alikichukulia kuwa ni sehemu ya hedhi. Kipandauso hutembea kwenye ukoo, na ukiuliza ukoo vibaya unajibiwa kwamba hakuna.

Alinipima pia, na kwa makini kuliko nilivyowahi kupimwa. Shinikizo la damu, shingo kama inakunjika, nguvu za mikono, kutembea kwenye mstari kisigino kikigusa vidole, kinyundo magotini. Mwisho akazima taa akachungulia ndani ya macho yangu kwa kifaa chenye mwanga, akaeleza kwamba msongo ukizidi ndani ya fuvu, mshipa wa fahamu wa jicho huvimba pale nyuma na daktari anaweza kuuona. Alimtajia mama mambo ambayo mtoto akiwa nayo haifai kusubiri: kichwa kinachomwamsha usingizini, kutapika kila asubuhi, maumivu yanayozidi wiki hadi wiki, makengeza mapya, kuyumba, degedege, homa na shingo ngumu, kubadilika tabia, maumivu yanayokaa kisogoni. Hapo picha ina kazi yake na haina mbadala. Mimi sikuwa na hata moja. "Ana kipandauso," alisema, "na kile cha kuona mistari."

Mama akauliza kuhusu siti skani. Nayakumbuka majibu. "Picha ya mwenye kipandauso hutoka safi, mama. Ilituambia hakuna uvimbe, na hilo ni jema. Haikutuambia kwamba haumwi." Akaeleza kwamba ubongo wa namna yangu umezaliwa na wepesi wa kuwashwa, na ukiwashwa, mshipa mkubwa wa fahamu unaohudumia uso humwaga kemikali kwenye utando unaouzunguka ubongo, na ndiko maumivu yanakotoka. Ni ugonjwa wa utendaji, na kamera haipigi picha ya utendaji huo. Mama alilia. Nadhani alikuwa analilia miaka.

Matibabu hayakuanza kwa dawa mpya, yalianza kwa kuniondolea zile za metroni. Mtu anayemeza vidonge vya kawaida vya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kutengenezewa kichwa kingine na vidonge hivyohivyo. Wiki zile za kuviacha zilikuwa mbaya kuliko bweni, na namwambia mzazi mapema ili asikate tamaa katikati. Baada ya hapo nikapewa ibuprofeni kwa kipimo cha uzito wangu, nimeze mapema kichwa kikianza tu, ninywe maji, nilale gizani, na nisivuke siku mbili tatu kwa wiki. Aspirini alimkataza mama asiiweke nyumbani kwa ajili ya watoto, kwa sababu inaweza kuwaletea maradhi adimu ya ini na ubongo. Nikapewa na kazi ya daftari: tarehe, saa kilipoanza, kinauma wapi, nimelala saa ngapi usiku wa jana, nimekula nini na lini, siku za hedhi, dawa, na kimeisha saa ngapi.

Daftari lilisema yale ambayo sote hatukuyajua. Kichwa changu kilipenda siku za mstari mrefu na tumbo tupu. Kilipenda siku mbili kabla ya hedhi. Daktari aliandika barua, na mkuu wa shule, mama aliyekuwa mkali kwa kila mtu, aliisoma mbele yangu akakubali nipate kikombe cha uji kabla ya masomo ya asubuhi, nisimame kivulini, na nikishikwa niruhusiwe kulala saa mbili bila kuhojiwa. Sijui kama alijua ni kiasi gani alinipa. Mashambulio hayakwisha, lakini yalipungua mpaka nikaweza kuyapangia maisha.

Nilikwenda Lushoto likizo ile nikamweleza bibi jina la ugonjwa wake. Aliniuliza kama mistari aliyoiona yeye nayo ilikuwa ya ugonjwa huo au alikuwa anaota. Alikuwa anaiona tangu usichana wake, na alimficha mpaka babu.

Mwaka 2016, nikiwa nakaribia kumaliza kidato cha nne, yalitoka Marekani matokeo ya utafiti mkubwa wa dawa za kuzuia kipandauso kwa watoto wa miaka 8 hadi 17. Watoto 361 waligawanywa, wengine wakapewa amitriptilini, wengine topiramati, wengine kidonge kisicho na dawa. Waliopunguziwa siku za kichwa kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 52, 55, na 61, na hao 61 ni wa kidonge kitupu. Wapo wanaosoma takwimu hizo wakasema basi watoto wanajifanya. Mimi nazisoma vingine. Watoto wote wale walikuwa wanaangaliwa kwa karibu na watu waliowaamini, na hilo halikuwa jambo dogo kwangu. Wala simaanishi kwamba huruma peke yake inatibu. Bo Bille, daktari wa watoto wa Sweden, aliwachunguza wanafunzi karibu 9,000 wa Uppsala na kuchapisha matokeo mwaka 1962, kisha akawafuatilia baadhi ya waliokuwa na kipandauso kwa miaka 40. Zaidi ya nusu yao walikuwa bado nacho wakiwa na umri wa miaka 50 hivi. Mzazi asiahidiwe kwamba mtoto atakiacha shuleni. Aahidiwe kwamba anaweza kusoma, kufanya kazi na kulea akiwa nacho, kwa kuwa mimi ninafanya hivyo.

Muhula huu darasani kwangu yupo mvulana wa darasa la tatu ambaye tumbo humshika baada ya mapumziko, akapauka, akaomba kulaza kichwa juu ya dawati. Ameshapewa dawa ya minyoo na ya UTI. Nilimpa penseli akachora, nikampa mama yake ile karatasi aende nayo hospitali pamoja na mtoto. Daktari bado hajatoa uamuzi, ametaka daftari la mwezi mzima na kipimo cha mkojo kirudiwe. Tumefika wiki ya pili. Saa za shule naandika mimi, za nyumbani anaandika mama, na mvulana mwenyewe ndiye anayechora.